Kapeti Jipya la Mbithe

Kibwezi,
Jumatano.

Dada yangu Mutindi, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu,

Pokea salamu tele kutoka kwetu. Natumai mwili hauna neno na mvua imewakumbuka huko Kathonzweni. Sisi tuko wazima. Kitambi changu kinazidi kunawiri. Wifi yako Mbithe anasema nikilala chali, dirisha halionekani.

Najua unangoja jibu moja tu: kama mama amekubali niuze lile shamba lake unalolima tangu uachike. Tulia. Hata muthokoi ulikuwa ukiuopoa chunguni kabla haujaiva. Nianze na msiba wa hapa nyumbani.

Mbithe alinunua kapeti la rangi ya maziwa. Kila mtu huvua viatu mlangoni. Hata pasta alivua, tukaona vidole vyake viwili vikituchungulia. Juzi wino wa muhuri ukamwagika katikati yake. Mimi, fundi wa kila nisichokijua, nikaleta maji moto na sabuni nikasugua. Doa la sahani likawa la sinia. Mbithe akaniuliza kama nasafisha au napalilia. Nikakimbia kwa Mahamud dukani kutafuta spiriti, naye akauliza mgonjwa ni nani. Nikamwambia ni kapeti, akanipa pole. Mbithe akaniamuru nisisugue tena, nifinyilie tu na kitambaa cheupe, kutoka ukingoni nikielekea katikati. Nilipiga magoti mpaka wanakwaya waliopita wakadhani nimeokoka upya. Limetoka, dada! Kimebaki kivuli tu, nacho tumekiwekea stuli.

Sasa utauliza wino wa muhuri ulitafuta nini sebuleni kwangu. Nilimwita Mzee Kyule, yule mzee wa kijiji, ashuhudie mama akitia kidole kwenye makubaliano ya shamba. Pedi yake ilikuwa imekauka, akafungua chupa aiongezee wino. Unajua mama tangu apooze upande wa kulia hasemi, lakini ule mkono wa kushoto bado ni ule uliotulea kwa makofi. Aliipiga chupa ikaruka. Kyule akasema basi, mwenye shamba amekataa, akachukua kofia yake.

Nikamwambia akae, chai iko njiani. Nikamteremsha mama kutoka kitini, nikamlaza ubavu, nikashika kile kidole gumba cha kulia kisichohisi kitu, nikakichovya palepale kwenye kapeti, nikakibandika kwenye karatasi. Kilitoka vizuri, mistari yote inaonekana. Kyule aliangalia dirishani, kisha naye akatia sahihi. Mama alilia bila sauti. Machozi nilimpangusa mwenyewe, usije ukasema sikumjali.

Mnunuzi anakuja na trekta Jumatatu. Vuna mbaazi hata zilizo mbichi, na mabati ya nyumba ung'oe mapema, maana yeye si mtu wa kubembelezwa. Ukitafuta chumba hapo sokoni, chagua chenye nafasi ya kitanda cha pili. Mama tunakuletea Jumapili baada ya ibada. Mbithe anasema hawezi kumweka yeye na kapeti nyumba moja.

Wabusu watoto, na majirani uwaage kwa niaba yangu pia. Mbithe anakukumbuka kwa maombi.

Ndimi kaka yako akupendaye,
Kisilu