Dawa Nyeupe ya Distributa

Jumatatu, 2 Machi 1998

Kuanzia Kitale mpaka Nadapal hakuna fundi kama mimi, Lokwang. Hakuna! Mjapani aliyetengeneza Mazda akikutana na mimi ataninunulia chai aniulize maswali. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa na vya kunifundisha. Wao wanasema vingine — shauri yao.

RX-7 nyekundu ya Mzee Ebei, ile Mazda aliyoachiwa na rubani wa ndege za misaada za Loki, imekataa tena kuwaka. Injini yake haina pistoni. Ndani kuna vyuma viwili vya pembetatu vinavyozunguka tu. Watu hawaamini mpaka niwachoree mchangani. Ubaya ni distributa, kile kifaa cha kugawia plagi moto; ni ya zamani, ya kontakti. Vumbi linaingia, kontakti zinaungua, moto haufiki kwenye plagi. Mimi nazipiga msasa. Kila wiki msasa!

Leo Mzee kasema amechoka kusukumwa kama mkokoteni. Kasema mbele ya watu! Ameagiza distributa ya elektroniki, isiyo na kontakti, kwa Mkongo mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Hilaire. Tangu lini Mkongo akajua Mazda?

Jumatano, 4 Machi

Distributa imefika na lori la mahindi, imefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Dereva ana ujumbe: Hilaire anasema vile viboksi viwili vya moto vya ubavuni mwake visifunguliwe.

Visifunguliwe! Mimi ni nani, mchunga ngamia? Nimevifungua palepale. Mgongoni vimepakwa kitu cheupe, kinanata kama kamasi. Hapa Lodwar chochote chenye grisi kinameza mchanga. Sisi tunaosha na petroli, tunapangusa mpaka kikauke, ndipo tunafunga. Nimepangusa na mkia wa shati langu la buluu. Vikang'aa! Mkongo mchafu, hata aibu hana.

Kisha nikapanga alama za injini, nikachomoa ya zamani, nikaingiza mpya, nyaya nne za plagi kila moja mahali pake. Nikapiga ufunguo. Mara moja tu! Ikanguruma, mbuzi wa jirani wakatimka kuelekea Nawoitorong. Ejok, Lokwang, ejok! Nilijisalimia mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejua kunisalimia.

Alhamisi, 5 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Mzee ameendesha mjini asubuhi yote, meno nje. Akarudi kasema anafungua gereji. Nikamwambia asante Mzee, funguo nitazitunza. Akacheka mpaka akakohoa. Mkuu wa gereji ni Hilaire! Ameshapata barua ya kumwombea ruhusa atoke kambini, aje akae Lodwar na familia yake. Jumamosi anampelekea mwenyewe, na RX-7. Mimi nitakuwa chini yake, nijifunze.

Nijifunze! Nani aliifunga hiyo distributa? Nimepiga ndoo teke. Kidole kimevimba. Kosa la Hilaire huyo huyo.

Jumamosi, 7 Machi

Siku ya laana. Tulipanga foleni na magari mengine nyuma ya askari wa eskoti wanaotulinda na majambazi, tukaondoka jua likiwa limeshaiva. Mvua za mwaka jana zimekula lami, tukawa tunatambaa shimo kwa shimo. Injini ikachemka. Katikati ya pori — kimya. Moto hakuna. Askari wakatutukana, tukangoja, ikapoa, ikawaka. Nikamwambia Mzee unaona, mkono wangu! Tulipoikaribia Kakuma ikafa tena, na safari hii haikusikia ufunguo wala maombi.

Tuliingia Kakuma tukisukumwa na vijana wa Kisudani. Mmoja mrefu, Makur, aliniuliza: "Bro, hii gari ya spoti inakunywa jasho ya watu?" Wote wakacheka. Damu ikanipanda kichwani.

Kwa Hilaire nilifika nikipiga kelele. Mwizi! Umemuuzia Mzee wangu maiti! Watu wakajaa. Mke wake, Spéciose, alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Mzee akanigeukia: "Lokwang, uligusa kitu ndani yake?"

"Hata skrubu, Mzee."

Mzee alikuwa ameishika ile barua ya ruhusa. Akairudisha mfukoni.

Hilaire akasema kesho, baada ya misa, tutafungua. Nilidhani nitalala na furaha. Wapi.

Jumapili, 8 Machi

Bado nina hasira. Sijui tena ni juu ya nani.

Hilaire ametoka misa na shati jeupe, akakunja mikono, akafungua viboksi. Akageuza kimoja, akaangalia mgongo wake mkavu. Hakumwonyesha Mzee. Akaniinamia, akaniita mdogo kwa Kifaransa: "Petit, ni nani alipangusa hapa?"

Nikasema kilikuja hivyo.

Akaeleza polepole, kama kwa mtoto. Ile dawa nyeupe inatoa joto kwenye kiboksi na kulipeleka kwenye chuma cha distributa. Bila hiyo kiboksi kinajipika chenyewe. Spéciose akasema: "Nilipaka mimi, na hiki kidole." Akakiinua. Kisha akaangalia mkia wa shati langu la buluu. Sina lingine. Lina doa jeupe, kavu. Nikalichomeka ndani ya suruali.

Injini hii ina plagi za kwanza na za pili, kila seti na kiboksi chake. Hilaire akachukua kiboksi cha plagi za pili, kilichokuwa bado kizima, akakipaka dawa, akakifunga mahali pa kile kilichokufa. Ikawaka! Pumzi nusu, lakini imewaka. Mzee hakucheka. Kasema Lodwar haitaki fundi wa kuuza vitu vibovu. Heri Hilaire angesema! Angeninyooshea kidole! Amesema tu, "Mzee, uliza kijana."

Hilo ndilo linaniua.

Mzee akaniuliza. Nikasema naenda choo. Niko nyuma ya choo chao sasa, daftari juu ya goti. Injini inanguruma. Barua iko mkononi mwa Mzee, nimechungulia, ameishika pande zote mbili kama mtu anayetaka kuchana. Spéciose ameketi juu ya sanduku lao. Limeshafungwa kamba.

Mzee anapiga honi. Ananiita kwa jina.

Nasimama, nikamwambie: nilivifungua viboksi. Niliipangusa dawa mimi, na shati hili.