Nguzo Waliyoichimbia Kibanjani kwa Mama Yako

Fundi Novatus,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwangu, hapa Miembeni. Ningependa nikuletee habari njema. Sina.

Tangu tukuzike, intaneti ya faiba imeenea. Bilele sasa karibu kila nyumba ina kile kiboksi cheupe ukutani. Nyumba ulizofunga wewe nazitambua nikipita tu, waya umelala chini ya paa umenyooka, hauningʼinii popote. Unamkumbuka yule bibi wa huku Miembeni, siku alipomwona mjukuu wake kwenye simu bila picha kukwama? Alitukaangia senene, nawe ukagoma kuondoka mpaka bakuli liishe. "Tina, umemsikia anavyocheka?" ukaniambia njia nzima.

Mwezi uliopita kampuni ilinituma Muleba pamoja na Audax, yule uliyemfundisha kupanda nguzo baada yangu. Tulikuwa tunavuta waya kutoka barabarani kuingiza majumbani. Rubya, Fundi. Kwenu. Nguzo zilikwisha kutangulia, zimechimbiwa zote, nyeusi, zinangʼaa. Moja ilikuwa ndani ya kibanja chenu, pale migomba inapoishia na mama yako anapoanika kahawa. Ukisimama hapo unaliona kaburi lako.

Nikaipiga nyundo kama ulivyonifundisha. Mlio wake sikuupenda. Nikachukua bisibisi, nikakwangua. Ule weusi ulikuwa rangi tu, rangi ya brashi. Chini yake mkaratusi mweupe ambao haukutiwa dawa yoyote, na pale unapokutana na udongo mchwa wamekwisha kuingia.

Ile ya Bilele niliiona ikikatika na wewe ukiwa juu yake, lakini tuliporudi kutoka hospitali gari la kampuni lilikuwa limeshaibeba. Nilidhani ni bahati mbaya, nguzo moja mbovu. Kumbe ziko nyingi, na zimesimama barabara nzima.

Nikampigia mkubwa wetu. "Nguzo ni mpya, Tina, wateja wanasubiri," akasema. "Fungeni mikanda mpande." Audax alikuwa ameshajifunga. Nikaushika mkanda wake kwa nyuma.

"Hupandi."

"Dada, wataniachisha kazi."

"Hupandi, Audax."

Mama yako alikuwa ametoka jikoni, anatusikiliza. "Mwache huyo, amefunga mkanda," akasema. "Wangu hakufunga."

Nikageuka. "Nani alikwambia hivyo, Mama?"

"Mkubwa wenu, siku ya mazishi. Alinivuta pembeni akaniambia Novatus alifanya uzembe, nisilete maneno."

Waitu, jamani, Fundi. Muda wote huu. Alikuwa anakuombea rozari kama mtu aliyejiua mwenyewe.

Nikamwambia ulifunga. Nilikuwa chini yako, nilikuona ukifunga, ukauvuta mara mbili kuujaribu kama kawaida yako. Nguzo ndiyo iliyokatika, ikaenda na wewe kwa sababu mlikuwa mmefungwa pamoja. Akakaa chini, juu ya kahawa yake. Hakulia. Akanitaka nirudie kwa Kihaya, nikarudia. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na jembe.

Majirani walikuja. Hawakuchimba sana. Wanaume wawili waliisukuma kwa mikono tu, ikakatika. Ule mlio, Fundi. Ulikuwa ule ule wa Bilele. Nilijikuta nimepiga magoti kwenye migomba, nimeziba masikio, na Audax ananiita jina.

Kipande cha chini mama yako amekiweka chumbani kwako, amekifunika kanga. Amesema hakitatoka mpaka mkubwa yule aje aseme ukweli mbele ya watu wale wale waliokuzika. Hajaja.

Mimi nimeachishwa kazi. Hilo nimelipokea. Linaloninyima usingizi ni kwamba walileta kundi jingine, wakamaliza. Waya umevutwa mpaka mwisho juu ya nguzo zile zile, na watoto wa shule hupita chini yake asubuhi na jioni. Nilikwenda ofisi za serikali nikiwa na picha. Waliziangalia vizuri, wakaniambia nisubiri. Kila upepo ukivuma kutoka ziwani naacha ninachofanya, nasikiliza, kana kwamba nitasikia mpaka huko.

Audax amebaki nao. Mke wake anakaribia kujifungua, simlaumu. Leo jioni amenipigia. Waya umelegea kwenye mteremko ule wa kushukia mtoni, na kesho wanampandisha kuukaza. Kukaza, Fundi, kazi ile ile uliyokuwa unafanya wewe siku ile. "Nitapanda polepole, dada," akasema. Sauti yake haikuwa yake.

Nimempigia mama yako. Hakuuliza maswali, alisema tu anakwenda kuwaamsha majirani mapema. Mimi naondoka na basi la kwanza. Sijui nani atafika kwanza pale mteremkoni, sisi au gari lao. Nimesikia mvua imenyesha Muleba mchana kutwa, udongo utakuwa umelowa.

Lala salama, fundi wangu, kaka yangu. Nakuahidi jambo moja: nikimkuta Audax bado yuko chini, hatapanda. Nitaikumbatia nguzo ile kwa mikono miwili, waje waniondoe mbele ya mama yako.

Niombee nimkute chini.

Tina