Nyumba Isimpe Baba Mgongo

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Ludara, wewe na wote wanaolala nawe tangu msiba. Mgongo unaendeleaje? Unakula? Lemi anapokusomea haya, namwomba asome polepole, asiruke mahali pa huzuni kama anavyopenda kufanya. Namjua kaka yangu.

Mimi ni mzima wa mwili. Moyo bado haujarudi mahali pake. Huku kusini mwa Tanzania mvua imekatika, mto umepungua, na malori yanavuka kana kwamba si mto huuhuu ulionizuia mlipomzika Baba. Nakasirika kila ninapoyaona.

Uliniuliza kwa nini wamtoe mtu mbali kwetu Koboko, avuke mpaka aje kuchora pori kwa penseli, na kompyuta zipo. Ni bosi wangu, Bi Rehema, aliyeamua. Tunajenga vyumba vya wageni katikati ya miti na mawe, naye hataki hata mti mmoja ukatwe. Anasema kompyuta inaifanya ardhi kuwa sawa kama meza. Basi nakaa chini, ubao mapajani, nachora kwanza kilichopo: mti umeinamia wapi, maji ya mvua yanapita wapi, tembo wamezoea njia ipi. Nyumba inakuja mwisho, inajipenyeza kama mgeni anayetafuta pa kukaa bila kumkanyaga mtu.

Kuna jambo sikukuambia. Sisi wachoraji huweka mtu karibu na mlango, ili anayetazama ajue mlango una urefu gani. Mtu wangu siku zote alikuwa Baba, na kofia yake, mkono mmoja kiunoni. Nilipomwambia alicheka sana kwenye simu: "Kumbe mimi iko huko kwa pori, nasimama bure tu, hata chai hakuna? Basi ongeza mimi urefu kidogo!" Tangu afariki, mkono unakataa. Nimejaribu kumchora mtu mwingine, akatoka kama nguzo ya umeme. Bi Rehema akaniuliza, "Mzee wetu yuko wapi?" Nikalia mbele ya mafundi wote, wala sikuona aibu.

Siku ya mazishi nilipanda juu ya jiwe kutafuta mtandao. Lemi aliinua simu yake ili nami nisikie. Nilisikia akina mama wa kanisa wakiimba, kisha majembe, kisha udongo ukianza kuanguka. Hapo simu ikakatika. Nilibaki nimeishika sikioni mpaka jua likanichoma.

Sasa nasikia Lemi ameleta matofali na anataka kuchimba msingi wa nyumba yako mpya. Nimefurahi umekataa kuhamia kwake Arua. Yeye asikasirike, mji una kelele na wewe unapenda kulala mapema. Kuhusu nyumba hiyo uliniambia neno moja tu: "Chora vile unataka, lakini nyumba isipe baba yako mgongo." Nimeanza kama ninavyoanza huku, na vilivyopo. Jiko, ghala, mwarobaini, mwamba tunapoanikia muhogo, njia ya kisimani, vyote vilikaa kwenye karatasi bila mimi kufikiri. Kisha penseli ikasimama. Nilimwuliza Lemi kaburi liko wapi. Akasema, "Iko hapa kwa uwanja, karibu tu," halafu akakata simu. Simu yake ya vibonye haipigi picha. Inaniuma, Mama, kwamba naijua njia ya tembo wa watu, na sijui baba yangu amelala wapi kwetu. Nikikosea, nitaweka ukuta wa choo kichwani pake, au dirisha lako litatazama barabara na yeye abaki nyuma peke yake. Mwambie Lemi asichimbe kwanza, hata kama mafundi wanamsumbua.

Nisalimie shangazi Poni, ambaye najua hajakuacha ulale peke yako. Msalimie mke wa Lemi na watoto, na katekista aliyeongoza sala. Hapa ndipo huwa naandika "na Baba". Kalamu ilishaanza kuyaandika maneno hayo, nimeyafuta.

Naomba unijibu jambo moja tu. Ukisimama mlangoni pa jiko ukitazama barabara, Baba amelala upande wa mkono gani?

Ni mimi mwanao,
Kiden