Mkwe wa Langoni

Rubongi, Tororo
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kaka yangu Hamisi,

Shikamoo. Natumaini barua inakukuta mzima, na kwamba goti la Mama limepata nafuu tangu mvua zilipokatika. Mimi sijambo, ila sauti imenikauka, na nitakueleza ilikokaukia. Ningepiga simu, lakini wewe ungenikatiza kila sentensi ya pili, nami hili nataka nilimalize mwenyewe.

Unakumbuka nilichokuandikia mwezi uliopita. Kwamba miezi minane ya kufundisha Kiswahili huku sijapata mtu wa kuketi naye, na sokoni nikifungua mdomo watu wananijibu kwa Kiingereza. Kwamba muhula ukiisha narudi Muheza moja kwa moja, Mama aanze kuhamisha cherehani yake kutoka chumbani kwangu. Wewe ukajibu kwa ukali wako wa kawaida: kabla ya kurudi, ita watu watatu, fungua daftari letu la mchezo, mcheze mara moja. Ukishindwa, njoo.

Basi jana nimecheza.

Nilikuwa naogopa, Kaka. Tangu tulipokuwa tunatoka kwenye kibanda cha video tumejaa zile filamu za Lango la Saba, tukazigeuza mchezo wetu wa hadithi na dadu, msimulizi ulikuwa wewe tu. Mimi nilikuwa wa kusema, "Nachomoa upanga." Sijawahi kushika usukani hata siku moja, na ulilijua hilo uliponituma.

Waliokuja ni hawa. Ofwono, mwalimu mwenzangu wa fizikia, Mpadhola wa papa hapa. Wanjala, Mkenya anayevuka mpaka pale Busia kila siku na mabeseni ya plastiki, ambaye hutuletea madaftari shuleni. Na Mama Nabwire, mwenye nyumba wangu, Msamia, muuza samaki wakavu. Yeye sikumwalika. Aliona dadu za ludo mezani akataka kujua kama ni uganga. Nilipomwambia ni hadithi, akaketi, akasali kwanza, akatuombea sote pamoja na askari wa lango, maana alisikia yumo. Nikaitikia amina.

Ramani nilichora juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, na vizibo vya soda vikawa watu. Safari yenyewe ilikuwa kupeleka dawa kwenye mji wa wagonjwa ng'ambo ya lango. Langoni yupo Kuruzani, yule askari mwenye mikono ya chuma ambaye kwenye filamu zote hakupita mtu mbele yake. Wiki mbili niliandaa pigano hilo. Nilihesabu hadi mapigo ya rungu lake.

Wakafika langoni. Nikawaambia, kwa sauti nzito kama yako, wachomoe silaha. Hakuna aliyechomoa. Wanjala akauliza zamu ya askari inabadilika saa ngapi. Ofwono akauliza anaongea lugha gani. Nikawakumbusha kwamba wana mikuki. Wanjala akanitazama kwa huruma.

"Madam, mimi navuka kila siku. Hakuna mtu anapigana na askari. Unamsalimia."

Nikaona mchezo unanifia mikononi. Hapo Mama Nabwire, aliyekuwa akimenya karanga, akauliza kama yule askari ana mke. Nikasema anaye, ilimradi tuendelee. Akauliza mke ni wa ukoo gani. Kaka, Uganda nzima mimi najua ukoo mmoja tu, wake mwenyewe, kwa sababu alinitajia siku aliyonipa funguo. Nikautaja huo huo.

Ofwono akaweka kikombe chini. Mama Nabwire akasimama, akanyoosha gauni lake la gomesi.

"Basi huyo mukwe wangu. Mimi mama ya bibi yake. Atoke kwa njia."

Huku mkwe akikutana na mama mkwe njiani humpisha. Hushuka kwenye majani, akageuza uso, wala hathubutu kumtazama machoni. Nikajitetea kwamba Kuruzani yuko kazini. Hawakunisikiliza hata kidogo. Mwisho nikasema dadu iamue: tano au sita anapisha, chini ya hapo ni rungu.

Mama Nabwire akarusha kwa nguvu za kutupia kuku mahindi. Dadu ikaruka meza, ikaingia mvunguni mwa kitanda changu. Wanjala akatambaa kuifuata, akakaa huko kidogo.

"Ni sita," akasema. Kisha, "Madam, unasafiri? Hii sanduku imejaa."

Nikasema tuendelee. Ikabidi niwe Kuruzani. Nikageukia ukutani, nimeinama, wao wakapita nyuma yangu mmoja mmoja na dawa zao, na Mama Nabwire alipofika akaniambia niwasalimie watoto. Nikajibu, "Ndiyo, Mama." Tulicheka, Kaka, mpaka majirani wakaja mlangoni. Sauti yangu ilikaukia hapo.

Wengine walipoondoka, Mama Nabwire alibaki akikusanya maganda ya karanga. Hakuuliza ninasafiri kwenda wapi.

"Ile ukoo ulitaja ni yangu," akasema. "Sasa mimi nina mukwe pale kwa lango, na nina binti hapa ndani. Binti anakwenda wapi?"

Nililia, sikufichi. Ni kilio cha furaha, nilikuwa nimekisahau. Leo asubuhi nimetoa nguo zote sandukuni, nimelijaza mitihani ya wanafunzi.

Nisalimie wifi yangu, mwambie daftari liko salama ila lina doa la chai. Nisalimie Shangazi muuza mihogo, na mwalimu wangu wa madrasa kama bado anauliza habari zangu. Na Mama mwambie cherehani aiache pale pale ilipo. Desemba nitakuja likizo, nitalala sebuleni na wageni wengine.

Mdogo wako, msimulizi,
Rehema