Utambi wa Kidege Chako

Baba Kulwa,

Siku zako za mwisho ulikuwa unaniuliza swali moja tu kila nilipokuletea uji: "Mama Kulwa, niliuwasha?" Na mimi sikuwa na jibu, kwa sababu wakati ule nilikuwa nimekupa mgongo, nimeshika baiskeli. Leo nimelipata. Ila huko uliko huna haraka, kwa hiyo acha nianzie mbali. Nina hamu ya kukusimulia.

Unakumbuka tulivyojuana? Ilikuwa kipindi cha ruksa, biashara zimeachiwa huru, marobota ya mitumba yanafunguliwa sokoni Bariadi, na katika robota la vitu vya kuchezea vya watoto wa Ulaya wewe ukaokota kiinjini kidogo kama yai la bata. Muuzaji alidhani ni kipuri cha cherehani. Wewe ulikijua, maana yule bruda wa misheni aliyekufundisha useremala alikuwa akiunda ndege ndogo zinazoruka zenyewe, bila kamba na bila mtu wa kuziongoza. Ukaunda ya kwako. Mbao ulizichonga kwenye mlingoti wa katani, ule mwepesi unaochomoza kwenye ua wa zizi. Mabawa uliyavika karatasi laini ya ndani ya maboksi ya viatu vipya, ukaipaka uji wa muhogo ikakazana kama ngoma. Mafuta yake yalikuwa ya kuchanganya: mafuta ya taa, mafuta ya nyonyo aliyokamua mayu, mama yako, na ile dawa ya kopo mliyoamshia injini ya dizeli kwenye kinu cha pamba ulikokuwa fundi.

Kidege hicho kikaja kuangukia kwetu. Mzee wangu alikikuta katikati ya ndama, akakifunga kamba kwenye nguzo ya zizi, kama alivyozoea kumfunga ng'ombe aliyepotea, akasubiri mwenyewe aje. Ukaja na baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mwangaluka, baba. Nimefuata kidege changu."

"Kina alama gani?"

Hakikuwa na alama. Ng'ombe wa kwenu walikuwa nayo pajani, ya chuma cha moto, mistari miwili na duara katikati, lakini kidege kilikuwa cheupe tupu.

"Sasa nitajuaje kuwa ni chako?"

Ukaomba ukiwashe. Ulipozungusha pangaboi kwa kidole kikalia kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe, mbuzi wakavunja ua, shangazi akatoka chooni mbio. Mzee akasema, "Chukua, kijana, chukua. Na usirudi nacho hapa." Wiki iliyofuata ukarudi bila kidege, nami nikajua umefuata nini.

Tangu hapo kila kidege ulikichora alama ya ng'ombe wa kwenu kwenye bawa. Wachungaji hawakuhitaji kusoma. Kikianguka mbali walikirudisha kama ndama, na mimi nikawapa ugali na maziwa ya mgando. Nilishakuwa mkeo wakati huo, na nililalamika sana kuhusu wageni hao. Leo ningewapikia wote.

Ulinifundisha na hilo la utambi. Mafuta yakiisha injini inazimika, kidege kinabaki kinaelea. Kikikutana na hewa ya joto inayopanda, hakishuki tena, kinakwenda na mwewe. Ndiyo maana mkiani uliweka kibati chembamba chenye uzi wa pamba uliosokotwa. Unauwasha, unaungua polepole, unafika kwenye kipande cha mpira wa baiskeli na kukikata. Mkia unanyanyuka na kidege kinashuka taratibu. Kuuwasha ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho kabla hujakiachia, na hukuwahi kusahau.

Kisha wakaja wanunuzi binafsi, ushirika ukashindwa, kinu kikanyamaza, mkarudishwa nyumbani. Sijui kama ni kule kukaa bure ndiko kulikoleta ugonjwa. Ulianza kusahau funguo, ukasahau njia ya sokoni, ukawa unamwita Kulwa kwa jina la Doto. Hilo la mwisho sikulitilia maanani, maana hata mimi niliyewazaa nilikuwa nawachanganya. Mikono yako lakini ilikuwa bado inakumbuka, na ukaunda kidege kingine, kizuri kuliko vyote.

Siku ya kukirusha kwa mara ya kwanza uliamka kwa shida. Tulifika mbugani jua limeshapanda, mabua ya pamba yamechomwa, vumbi linazunguka. Upepo ukataka kuiangusha baiskeli, nikageuka kuishika. Nikasikia injini. Nilipotazama tena, kidege kilikuwa juu. Injini ikazimika, nacho kikaendelea kupanda, kinazunguka, kinapanda, mpaka kikapotelea upande wa Lagangabilili.

Ulikaa chini kwenye majivu. "Nimesahau utambi," ukasema. "Kama nimesahau utambi, Mama Kulwa, basi kichwa kimekwisha."

Nilikuambia labda uliuwasha. Hukuniamini, ulijua ninapokubembeleza. Kuanzia siku ile hukushika tena kisu wala gundi. Ulikaa mlangoni, mikono mapajani, na kila asubuhi ukaniuliza, mpaka tukakuzika.

Sasa sikiliza. Juzi Doto alipeleka dume mnadani, mtu mmoja akasimama kulitazama paja muda mrefu, akauliza alama hiyo ni ya nyumba gani. Leo asubuhi amefika kwa bodaboda, mtu mzima mwenye mvi, amebeba kitu kimefungwa khanga.

"Mwangaluka, mayu. Nimeleta mali yenu."

Nilishaona ncha ya bawa, lakini nikamuuliza, "Ina alama gani?" Mzee wangu angefurahi. Yule mgeni akacheka, akaitaja bila kufungua.

Kiliangukia kwao yeye akiwa machungani. Mama yake alikining'iniza darini, juu ya mahindi, akisubiri mwenyewe, na alipokuwa anafariki akawaagiza watoto waendelee kuitafuta hiyo alama.

"Alikuwa anatusimulia kilivyokuja," akaniambia. "Polepole, mkia juu, kinavuta sigara."

"Kinavuta nini?"

"Sigara, mayu. Moshi mwembamba huku nyuma. Akakimwagia maji ya kibuyu, aliogopa kitaunguza nyumba."

Nikakigeuza. Ndani ya kibati ni masizi matupu, na kipande cha uzi wa pamba kimeungua ncha. Kidege kipya, Baba Kulwa, ambacho hakikuwa kimeruka hata mara moja kabla ya siku ile; masizi hayo hayawezi kuwa ya siku nyingine. Mkia ulinyanyuka kama ulivyopanga. Joto la mbuga ndilo lililokuwa na nguvu zaidi.

Nimelia mbele ya mgeni bila aibu. Nimekuonea huruma kwa asubuhi zote zile za mlangoni, ulizojihukumu kwa kosa ambalo hukulifanya.

Mgeni aliniambia wajukuu wake walilia kilipoteremshwa. Nikamrudishia aende nacho. Mtu aliyetunza mali yetu namna ile singeweza kumwacha aondoke mikono mitupu, nawe ungekuwepo ungemwongezea na ndama. Nimebaki na kibati tu. Jumapili baada ya misa nitakuja kukifukia hapo kichwani pako, ukae nacho.

Uliuwasha.

Mkeo,
Mama Kulwa