Sauti Zilizotoka Ng'ambo

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba goti la mama limepoa kidogo. Mimi siumwi mwili. Ni moyo ulionishikisha kalamu.

Unakijua kile kipindi ninachokiendesha shuleni kila Jumatano, kwenye stoo ya vitabu tuliyotundika mablanketi kuzuia mwangwi. Redio ya mtaa hukirusha, hata huko kwenu kinasikika, na wanafunzi wangu huzungumzia mambo ya dunia: hewa, vita, maji, haki za watoto. Mwaka jana tulipata shule rafiki ya ng'ambo, tukawa tunasoma barua zao hewani. Wewe mwenyewe uliniambia zilikunogea mpaka ukaunguza maharage.

Aliyezipenda kupita wote ni binti wa darasa la saba tunayemwita Kipaza, maana hata akinong'ona anasikika hadi ofisini. Barua moja ilieleza jinsi watoto wa huko walivyopima maji ya mto wao, wakakiumbua kiwanda kilichoyachafua. Basi Kipaza akakusanya wenzake kumi na wawili, wakachota maji ya mto wetu, meusi yanayonuka, pale yanapotoka kwenye kiwanda chetu cha ngozi, wakabandika tarehe kwenye kila chupa. Jumatano iliyofuata alisema yote redioni, bila kutetemeka. Nilijivuna, dada, usipime.

Siku mbili baadaye mkuu wa shule akaniita. Meneja wa kiwanda alikuwa ameketi pembeni yake. Mkuu alisema kipindi kimefungwa na Kipaza amefukuzwa, na mtihani wa mwisho umebakiza wiki sita. Baba yake, fundi mitambo humo kiwandani, alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Mama yake alikuja kwangu. Hakupiga kelele, alikaa tu, akaniuliza nitafanya nini.

Kipaza yeye alikuwa na lake. Alisema niwaandikie marafiki wa ng'ambo, wakijibu dunia itajua na mkuu atalegea. Tangu hapo kila siku alinisubiri getini na swali moja: wamejibu?

Dada, hawatajibu. Ile shule ilituandikia mara mbili, ikanyamaza. Barua nyingine zote, kumi na moja, niliziandika mimi. Niliona hamu ya watoto ikizimika, nikashindwa kuvumilia. Hata ule mto wao haupo. Niliubuni nikisahihisha madaftari. Nimemtuma mtoto wa watu vitani, nikamwambia nyuma yake kuna jeshi.

Leo asubuhi nilimweleza. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akasema, "Kumbe mwalimu unajua kuandika hivyo. Mbona hukuwahi kuandika kwa jina lako?" Akaenda zake bila kuniaga.

Nimeandika. Barua moja kwa mkuu, moja kwa ofisi ya elimu, moja kwa redio. Nimeungama uongo wangu, nimetaja na zile chupa, kwa sababu maji yale si uongo. Nimezipeleka kwa mkono, zimeshafika. Kazi najua imekwenda na maji.

Tafadhali, waulize shule ya hapo kwenu kama wanaweza kumpokea Kipaza afanye mtihani. Usinionee mimi huruma. Muulizie yeye, na iwe haraka.

Mama usimwambie kitu, nitakuja mwenyewe. Wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa mwalimu hadi leo asubuhi.