Siku Niliyofungulia Upepo Sebuleni

Jumapili, Pugu. Jua kali, upepo mkavu tangu asubuhi, vumbi la barabarani limetanda mpaka juu ya mabati. Roho yangu haijatulia.

Lakini tuanze na sifa. Shajara, mie nina bahati na upepo. Wenzangu wana bahati na wanawake, wengine na mikeka ya kubeti mpira. Mie na upepo. Tangu nianze kuziba pancha pale Buguruni, hakuna tairi nililolijaza mie likarudi. Upepo unanijua. Nikiuambia ingia, unaingia. Nikiuambia kaa, unakaa.

Kijiweni wananiita Mrumi. Nilisomaga seminari huko bara, na ingawa kidato cha pili kilinishinda, padri wetu alituhadithia yale mashairi marefu ya vita ya Warumi wa kale, na mie sikuyasahau. Yamejaa upepo mashairi yale! Kuna mfalme kazifungia pepo zote ndani ya mlima, zinanguruma humo kama kompresa yangu, mpaka malkia wa miungu, mwenye kisirani na mabaharia fulani, anamwomba azifungulie. Mfalme anapiga mlima ubavuni kwa mkuki, pepo zinatoka kwa fujo, bahari inapinduka. Nikifika hapo huwa nanyoosha mikono. Mteja ananijibu, "Mrumi, weka upepo thelathini tairi la mbele, hadithi kampe mkeo."

Mke sina. Nina Dada Skola.

Dada Skola ni mkubwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Niliporudi mikono mitupu toka seminari yeye ndiye alinipokea, na hajawahi kunisimanga. Ana pumu tangu utotoni. Kufagia kwake ni kazi ya nusu siku: ananyunyiza maji kwanza, anajifunga kitambaa usoni, anainama taratibu kama anatafuta sindano. Inaniuma kumwona vile. Basi leo, alipokwenda misa, nikapata akili ya kifundi.

Sie mafundi kila kitu tunakipuliza. Kabureta imeziba, puliza. Fulana imeingia vumbi, puliza, vaa, nenda. Kompresa ilikuwa hapa nyumbani, niliileta jana nibadilishe mkanda. Nikaichomeka, nikavuta mpira mpaka sebuleni, nikafungulia koki yote. Juu ya kabati. Nyuma ya makochi. Kwenye mbao za dari. Vumbi la miaka likaamka kwa pamoja. Nilicheka peke yangu humo ndani. Nikajiona ndiye yule mfalme wa pepo, nimepiga mlima ubavuni.

Na madirisha niliyafunga. Eti vumbi la barabarani lisiingie.

Kompresa inapiga kelele, mlango sikuusikia. Katika mashairi yale kuna mungu wa kike anayemfunika mwanawe kwa ukungu ili apite katikati ya mji wa watu, asionekane, asidhurike. Ukungu wangu mie ulimficha dada yangu. Nilipozima mashine ndipo nikasikia ule mluzi wa kifuani. Alikuwa kakaa sakafuni karibu na mlango, khanga kaibana mdomoni, macho yamemtoka.

Nilimbeba nje. Nikakitafuta kidude chake cha kuvuta dawa kwenye mkoba, nikamwaga mkoba wote chini, nikakipata. Akavuta. Akavuta tena. Mluzi uko palepale.

Jirani yetu mwenye bajaji akaiwasha papo hapo. "Mwinue kichwa, braza. Mwinue!" Tukaondoka.

Njiani mluzi ukakatika. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikamtazama usoni, nikaona midomo imepauka rangi ya majivu. Kumbe kimya kile hakikuwa nafuu.

Sie tukitaka kujua kama valvu inavuja, tunaipaka mate tukangoja povu. Sikuwa na akili nyingine. Nikalamba kidole, nikakiweka chini ya pua ya dada yangu. Kikapata ubaridi. Lakini bajaji inakimbia, haina milango. Ubaridi ule ni wake au wa barabara?

Padri alituambia kwamba kwa Warumi, mtu akikata roho, ndugu yake huinama aipokee pumzi ya mwisho kwa mdomo, isipotelee hewani. Darasa zima tulicheka. Mie nilicheka kuliko wote. Leo nilijikuta nimeinama, uso wangu juu ya uso wake, mdomo wazi.

Nikajivuta nyuma kama niliyeungua. Sitaki ya mwisho. Nataka inayofuata.

Ikaja. Ndogo, ya kukwaruza, lakini ikaja.

Kwenye kituo cha afya nesi alimvisha barakoa inayotoa mvuke wa dawa, akanigeukia. Nikaanza kumweleza kuhusu seminari. "Kaka, nakuuliza vumbi limetoka wapi." Nikasema limetoka kwangu. Mie ndiye niliyelitoa.

Muda ukapita. Dada Skola akafumbua macho, akaniona, akaiinua barakoa kidogo. "Mdogo wangu," akasema kwa kuvutavuta, "hao Warumi wako... hawakuwa na mafagio?" Nesi akamrudishia barakoa kwa ukali. Nilitoka nje nikicheka, na watu waliokuwa kwenye foleni wakanipisha, maana uso wangu haukuwa wa mtu anayecheka.

Bado hajaruhusiwa. Daktari kasema kifua hakijafunguka chote, na hataki kuniahidi kitu. Naandika haya kwenye simu, kwenye benchi nje ya chumba chake. Mashine ya mvuke ikikohoa, nasimama. Ikinyamaza, nasimama pia.

Akirudi nyumbani atakuta madirisha wazi, na sakafu imenyunyizwa maji, na mie nimeinama na fagio, kitambaa usoni, taratibu.

Na ile bahati ya upepo niliyojisifia hapo juu ni uongo. Matairi yangu yanarudi kila wiki. Upepo haujawahi kunisikia hata siku moja.